Nguzo Imefika Kijijini, Lakini Shamba Liko Kwingine

Tangu mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji ikamilike mwaka 2025, na serikali ikatangaza kwamba vijiji vyote vya Tanzania Bara, zaidi ya 12,300, vimefikiwa na umeme, hapa Dar kuna kauli naisikia sana. Naisikia ofisini, kwenye vipindi vya redio asubuhi, hata kwa jamaa wa Kariakoo wanaouza paneli wenyewe: sola ya kijijini imemaliza kazi yake. Ilikuwa ya kipindi cha kusubiri, sasa umeme wenyewe umekuja, megawati 2,115 kutoka Rufiji pekee, kwa hiyo mtu anayezungumzia sola vijijini leo anaonekana kama amechelewa. Naelewa kwa nini watu wanafikiri hivyo, lakini sikubaliani nao, na nadhani tukiendelea kufikiri hivyo tutafanya kosa litakalomuumiza mkulima kwa miaka mingi. Msimamo wangu ni huu: sola ya shambani haishindani na TANESCO, shirika letu la umeme. Ni zana ya kilimo kama trekta na mbolea, na ndani ya serikali imewekwa kwenye wizara isiyo yake. Tumeihesabu kama umeme wa nyumbani, tumeipima kwa idadi ya taa, na sasa tunataka kuizika kwa sababu taa zimeshawaka.

Tuanze na hiyo kauli ya kijiji kufikiwa, maana inabeba mambo mengi. Kijiji kikihesabiwa kimefikiwa maana yake laini imefika, kuna transfoma, na baadhi ya nyumba na taasisi zimewashiwa, mara nyingi zile za senta, yaani shule, zahanati, ofisi ya kijiji, maduka na nyumba zilizo pembeni ya barabara. Utafiti wa nishati wa mwaka 2019/20 uliofanywa na REA, wakala wa nishati vijijini, pamoja na NBS, ofisi ya takwimu, ulionyesha tofauti hii vizuri sana: watu waliokuwa kwenye maeneo yenye huduma ya umeme walikuwa asilimia 78.4, lakini kaya zilizounganishwa kweli zilikuwa asilimia 37.7 tu. Namba hizo ni za zamani kidogo na zimepanda, REA wamefanya kazi kubwa na sina nia ya kuwadharau, kuunganishwa kwa shilingi 27,000 kijijini ni jambo ambalo nchi nyingi za Afrika hazijaliweza. Lakini lile pengo lina sababu zake, na sababu mojawapo ni umbali. Ile bei ya 27,000 ni ya mtu ambaye nyumba yake iko ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo. Ukizidi hapo unaanza kuongelea nguzo za ziada na hesabu inabadilika kabisa. Ndiyo maana sasa hivi serikali imehamia kwenye vitongoji, ambavyo viko zaidi ya 64,000, na huko safari bado ni ndefu.

Sasa shamba halipo senta, na halipo hata kwenye kitongoji mara nyingi. Bustani ya nyanya iko bondeni karibu na mto, shamba la vitunguu liko chini kule kwenye udongo mzuri, ng'ombe wako malishoni, kisima kimechimbwa pale maji yalipopatikana na sio pale nguzo ilipo. Mtu anaweza kuwa na Luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, nyumbani, anaangalia taarifa ya habari kwenye tv kila jioni, alafu asubuhi anashuka kilomita mbili kwenda kumwagilia kwa ndoo au kwa pampu ya petroli. Kwenye takwimu huyu ameshafikiwa. Kwenye uzalishaji wake hakuna kilichobadilika hata kidogo. Na kuvuta laini kilomita mbili kwa ajili ya bustani ya ekari moja na nusu ni makumi ya mamilioni ya shilingi, hakuna shirika lenye akili litakalofanya hivyo na wala halipaswi kufanya hivyo.

Hili la umbali tunalisahau sana tukiongelea bwawa. Kuzalisha umeme ni jambo moja na kuufikisha unapotakiwa ni jambo lingine. Machi 2025 Rais Samia alipoeleza kwamba mikoa ya kaskazini inaweza kununua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya watu walikuja juu sana, wakauliza inakuwaje tuna bwawa kubwa alafu tunanunua nje. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba umeme unaposafirishwa kutoka huku kusini mpaka kaskazini unapotea njiani, hasara ya shilingi bilioni 32 hivi kwa mwaka. Kila mtu awe na maoni yake juu ya uamuzi wenyewe, ila hoja ya kifizikia haina siasa, na kama inaisumbua Kilimanjaro yenye laini kubwa za msongo mkubwa, je bustani ya bondeni huko Kilolo au Karatu? Mwaka mmoja kabla ya hapo, Machi 2024, vituo vitano vya kuzalisha umeme wa maji vilizimwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Yaani ziada ipo, na mkulima anayenunua petroli kwenye chupa yupo, na kati yao hakuna waya.

Twende kwenye hesabu, maana mjadala huu una maneno mengi na hesabu chache. Ekari moja ni mita za mraba elfu nne na kidogo. Mboga kipindi cha kiangazi inakunywa maji kama milimita tano kwa siku, ukizidisha unapata lita 20,000 hivi kwa siku kwa ekari, awe anamwagilia kila siku au siku moja moja jumla ni ileile. Kuyainua maji hayo mita 20 kutoka kisimani kunahitaji nishati ya uniti moja na kidogo, lakini pampu na mabomba vinakula, kwa hiyo weka uniti mbili na nusu hadi tatu kwa siku. Jua letu linatoa kama saa tano za nguvu kamili kwa siku. Ina maana paneli mbili za kisasa za wati 500 na kitu zinamaliza hiyo kazi na chenji inabaki, bila betri hata moja, maana unachotunza ni maji kwenye simtanki na sio umeme. Ekari moja ya mboga kiangazi, paneli mbili. Miaka 15 iliyopita paneli hizo zingekuwa ndoto kwa mkulima mdogo, leo bei ya paneli duniani imeshuka kwa karibu asilimia 90, na ndiyo maana miezi 12 iliyoishia Juni 2025 Afrika iliagiza kutoka China paneli za megawati zipatazo 15,000, ongezeko la asilimia 60 hivi kwa mwaka mmoja.

Linganisha na petroli. Pampu ndogo ya inchi mbili kwa maji hayo itakula lita mbili hadi tatu kwa siku. Tuseme lita ni shilingi 3,000, ingawa hiyo ni bei ya kituoni, kijijini kwenye chupa ni zaidi, unapata 6,000 mpaka 9,000 kwa siku, na kwa msimu wa nyanya wa siku 90 inakuja laki tano na nusu mpaka laki nane. Hiyo ni kabla ya mbegu, dawa, mbolea, vibarua na usafiri wa kuja Dar. Nilikaa na mzee mmoja pembeni ya Mto Ruvu, ana pampu yake nyekundu na ule mpira wa bluu unaolala chini kama nyoka ukiwa hauna maji, akanionyesha chupa za lita moja na nusu zimepangwa chini ya mwembe. Akaniambia, "Kijana wangu, mimi simwagilii kwa kuangalia mmea, namwagilia kwa kuangalia chupa." Nyanya inapoanza kuweka matunda ndipo inahitaji maji zaidi, na ndipo hela yake imeisha, kwa hiyo anapunguza maji wakati mbaya kuliko wote. Mavuno yanashuka, anaonekana mkulima mvivu au asiye na elimu, kumbe tatizo ni mafuta.

Na hapa niseme jambo ambalo watu wa sola hawapendi kulisema. Kama nguzo inapita pembeni ya shamba lako, tumia TANESCO. Ile ekari moja inakula kama uniti 80 kwa mwezi, itakutoa kwenye ile bei ya shilingi 100 ya wenye matumizi madogo ambayo mwisho wake ni uniti 75, utahamia kwenye 350 na ushee ukiweka kodi, na hata hapo ni shilingi 28,000 hivi kwa mwezi. Ni rahisi. Huwezi kumwambia mtu anunue pampu ya mamilioni wakati Luku ipo hatua chache kutoka kisimani. Kwa hiyo wanaosema umeme wa gridi ni nafuu wako sahihi kabisa. Wanachokosea ni kudhani kwamba tatizo la mkulima ni bei ya uniti wakati tatizo lake ni bei ya kuufikisha waya shambani, na mtaji wa kununua kitu kitakachomtoa kwenye petroli.

Kuna hoja nyingine kwamba sola tumeshaijaribu vijijini na imefeli. Hii inabidi ijibiwe kwa utulivu kwa sababu ina ukweli ndani yake. Kuanzia miaka ya 2010 kampuni nyingi ziliingia na zile seti za sola za kulipia kidogo kidogo kwa simu, taa tatu nne, redio, chaji ya simu, wengine na tv. Tanzania ilikuwa kinara, Arusha ilikuwa kama makao makuu ya biashara hiyo Afrika Mashariki. Alafu mwaka 2019 Mobisol, mojawapo ya kubwa, iliishiwa mtaji ikaingia kwenye ufilisi kule Ujerumani na kununuliwa na Engie ya Ufaransa, na nyingine zikapunguza shughuli au zikahama. Lakini angalia kilichokuwa kinauzwa. Taa na tv ni vitu vizuri, mtoto anasoma, mama anajifungua kwenye mwanga, sizidharau hata kidogo, ila havimwingizii mkulima shilingi. Anatakiwa alipe kila siku au kila wiki kwa kitu kisichoongeza kipato chake, na kipato chake chenyewe kinakuja mara moja au mbili kwa mwaka. Mwezi wa pili na wa tatu hana kitu, seti inajifunga, anakaa gizani na kifaa ukutani. Kilichofeli pale ni mkataba wa malipo uliotungwa kwa mtu mwenye mshahara, akapewa mtu mwenye msimu.

Gridi ndogo, yaani mitambo ya kuhudumia kijiji au kisiwa kimoja bila laini ya TANESCO, nazo zina historia yake ya kuumiza. Tulikuwa na sheria nzuri tangu 2008 za wazalishaji wadogo, nchi nyingine zilikuja kujifunza kwetu. Visiwani Ziwa Victoria, kama Ukara, watu walipata umeme wa jua wa kusaga na kugandisha samaki kabla hata hawajaota kuona nguzo ya TANESCO. Bei yake ilikuwa kubwa, zaidi ya shilingi elfu moja kwa uniti, na wananchi walilalamika kwa haki kabisa, kwa nini mtu wa kisiwani alipe mara kumi ya mtu wa bara? Mwaka 2020 serikali ikaagiza wauze kwa shilingi 100 kama vijiji vingine. Kwa mwananchi ilikuwa ahueni, kwa mwekezaji ilikuwa mwisho wa hesabu, maana ruzuku ya kufidia tofauti haikwenda sambamba na agizo. TANESCO anauza kwa 100 kijijini kwa sababu viwanda na miji vinabeba sehemu ya gharama na serikali inajenga laini, yule wa gridi ndogo hana wa kumbebea. Kama tulitaka usawa wa bei, na mimi nautaka, ilibidi tulipie usawa huo, sio kuuagiza tu.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba sola haina nguvu, jua likizama imekwisha, mawingu yakija imekwisha. Inasemwa sana na watu waliozoea kuona inveta ya nyumbani ikishindwa kuwasha pasi. Kwenye umwagiliaji hoja hii haina pa kusimama. Siku ya mawingu na mvua mmea hauhitaji pampu. Siku ya jua kali ndiyo mmea una kiu, na ndiyo siku paneli inatoa kwa wingi. Mahitaji na uzalishaji vinapanda na kushuka pamoja, ni nadra sana kwenye mambo ya nishati kukuta kitu kinakaa hivyo chenyewe. Na usiku maji yapo kwenye tanki juu, yanashuka kwa uzito wake. Hata kwenye ubaridi watu wameshalitatua hili: friji za chanjo za sola zilizopo kwenye zahanati nyingi hazitumii betri, mchana zinagandisha barafu na usiku barafu inashikilia ubaridi. Kwa mfugaji ambaye maziwa ya jioni yanamharibikia kwa sababu gari la kukusanya linapita asubuhi tu, teknolojia hiyohiyo ni tofauti ya kuuza mara mbili badala ya mara moja.

Nguvu kubwa ni kweli ni mahali ambapo gridi inashinda. Mashine ya kusaga ya kijiji kizima, ya kukoboa mpunga, ya kukamua alizeti kule Singida, kuchomelea, kupasua mbao, hizo zinataka fezi tatu na zinataka kuwaka saa yoyote mteja akija. Kuzilazimisha kwenye paneli na betri ni kumtia mtu hasara. Bahati nzuri mashine hizo hukaa senta, ambako nguzo imeshafika. Ndiyo maana nasema hakuna ugomvi: senta iende na gridi, bondeni iende na jua. Tatizo ni kwamba mipango yetu inajua senta tu.

Hoja ninayoiogopa kweli ni ya maji, na sijaisikia ikisemwa vya kutosha na wanaoshabikia pampu za sola. Petroli ni ghali, na ule ughali ulikuwa unazuia watu wasivute maji kupita kiasi. Ukishanunua pampu ya sola kila lita ya ziada ni bure, kwa hiyo kwa nini uizime? Pakistani iliagiza paneli za megawati zipatazo 17,000 kwa mwaka 2024 peke yake, wakulima wengi wa Punjab wakahamisha visima vyao kutoka dizeli na umeme wa gridi kwenda kwenye jua, na sasa wasiwasi mkubwa kule ni maji ya ardhini kushuka. India nao tangu waanze mpango wao mkubwa wa pampu za sola wa PM-KUSUM mwaka 2019 mjadala ni huohuo. Na sisi hatuhitaji kwenda mbali. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi ndani ya hifadhi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sehemu kubwa ya sababu ni maji yanayochukuliwa juu, Usangu, kwa mpunga na mifugo. Ruaha ni tawi la Rufiji. Maji yanayochukuliwa ovyo kule juu ni maji yasiyofika kwenye lile bwawa tunalojivunia. Na wakazi wa Dar tunakumbuka mwishoni mwa 2022, Ruvu uliposhuka tukaingia kwenye mgao wa maji, tukawa tunanunua maji ya boza kwa bei ya kuumiza, na macho yote yakaelekea kwa wakulima na wafugaji wa juu ya mto.

Ila jibu la hofu hii sio kumwacha mkulima kwenye petroli ili awe maskini wa kutosha asimalize maji. Sheria tunayo, ile ya rasilimali za maji ya 2009, mabonde tisa ya mito na maziwa yenye bodi zake, na anayechukua maji ya umwagiliaji anatakiwa awe na kibali. Kinachokosekana ni kibali hicho kumfikia mtu mwenye ekari mbili bila kumzungusha. Pampu ya sola inatoa nafasi nzuri hapa kuliko pampu ya petroli, kwa sababu ni kitu cha gharama ambacho wengi watakinunua kwa mkopo au ruzuku, na mkopo una karatasi. Funga ruzuku na kibali pamoja, weka ukubwa wa pampu kulingana na ekari na kisima, weka sharti la dripu, umwagiliaji wa matone, badala ya mifereji kwa mboga, na hapo bodi ya bonde kwa mara ya kwanza itajua nani anavuta nini na wapi. Kwenye kijiji cha Dhundi, jimbo la Gujarat, India, wakulima walijiunga ushirika karibu miaka kumi iliyopita wakawa wanauza kwenye gridi umeme wa sola wanaobaki nao, kwa hiyo kuacha maji chini kukawa na malipo. Sisi tukifika huko itakuwa vizuri sana, lakini hata kabla ya huko kibali na ukubwa wa pampu vinatosha kuanzia.

Sasa nani alipe? Hapa ndipo lile la wizara linapokuwa zito. Pampu ya sola ikiwa chini ya nishati inashindana na nguzo, na kwenye shindano hilo nguzo itashinda daima, kwa sababu mbunge akirudi jimboni anaulizwa habari ya umeme, haulizwi habari ya pampu ya bondeni. Ikiwa chini ya kilimo inashindana na mbolea na matrekta, na hapo hesabu yake inasimama. Bajeti ya kilimo imekua kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 mpaka trilioni 1.2 na ushee mwaka 2024/25. Ruzuku ya mbolea ilianza msimu wa 2022/23, wakulima wakasajiliwa, wakapewa namba, mfumo upo na majina yapo. Nchi ina hekta milioni 29.4 zinazofaa kwa umwagiliaji na mpaka sasa tunamwagilia sehemu ndogo sana ya hizo, hatujafika hata asilimia tano. Tume ya Taifa ya Umwagiliaji inajenga skimu kubwa na mabwawa, ni kazi nzuri, lakini skimu moja inachukua miaka na inahudumia waliopo kwenye skimu. Wale wengi wenye kisima chao na ekari yao moja hawana mlango wa kuingilia.

Na mlango huo hauhitaji fedha nyingi mpya. Benki ya Maendeleo ya Kilimo ina mfuko wa dhamana unaozibebea benki za biashara sehemu ya hatari ya kumkopesha mkulima mdogo. Halmashauri zina ile asilimia kumi ya mapato yake ya kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 na kurudi mwaka uliofuata. Kinachotakiwa ni pampu kukubalika kama dhamana yenyewe na marejesho yafuate mavuno. Mkulima wa nyanya alipe baada ya kuuza nyanya, wa vitunguu baada ya vitunguu, katikati asiguswe. Ile laki tano mpaka nane anayochoma kwenye petroli kila msimu ndiyo rejesho lenyewe, analipa tayari, tofauti ni kwamba sasa hivi akimaliza kulipa habaki na kitu. Benki zinasema mkulima hakopesheki wakati mtu huyohuyo anatafuta pesa taslimu za mafuta miezi mitatu mfululizo bila kukosa, na mimi sioni ushahidi gani mwingine wanautaka.

Ubora wa vifaa nao sio jambo dogo. Pita mitaa ya Kariakoo uangalie paneli zilizosimamishwa nje ya maduka, utakuta iliyoandikwa wati 400 na ukubwa wake hauzidi meza ya chai. Paneli nzuri za siku hizi zinatoa wati 200 na kidogo kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo kitu cha mita moja kikiandikwa 400 ni uongo wa wazi, huhitaji kipimo cha maabara kuujua, futi kamba inatosha. Mkulima wa Dumila anakuja na basi, ananunua, anarudi nayo, pampu haivuti, na hitimisho lake na la majirani zake wote ni kwamba sola ni utapeli. Muuzaji mmoja anaua soko la kata nzima. TBS, shirika la viwango, wakague lebo bandarini na madukani kwa ukali uleule wanaoutumia kwenye vyakula, na VETA, vyuo vya ufundi vya wilayani, zifundishe vijana kufunga na kutengeneza pampu hizi, kwa sababu pampu ikikaa wiki mbili bila fundi mwezi wa tisa shamba limekufa. Simu ikikosa fundi ni kero tu, pampu ikikosa fundi ni mavuno yamepotea.

Wakazi wa Dar tusidhani haya ni mambo ya watu wa huko. Nyanya ya Ilala na Kariakoo inatoka Ilula, Dumila, Lushoto, kitunguu kinatoka Ruaha Mbuyuni na Mang'ola, na kila mwaka tunaona bei inavyoruka mvua zikiharibu au kiangazi kikikaza, tenga linapanda mpaka mama ntilie anapunguza nyanya kwenye mchuzi. Kupanda na kushuka huko kunatokana kwa sehemu kubwa na wakulima wote kufuata mvua moja, wanapanda pamoja, wanavuna pamoja, bei inaanguka pamoja, alafu miezi minne hakuna kitu. Mkulima mwenye maji ya uhakika anachagua mwezi wa kupanda. Wakiwa wengi soko linatulia, wanaouza wanapata na wanaonunua wanapata.

Mradi wa kupeleka umeme kwenye vitongoji ndio nafasi iliyopo mezani sasa hivi. Wapimaji wanapita kitongoji kwa kitongoji kuhesabu nyumba na nguzo, waongezewe safu moja kwenye fomu zao: visima, bustani na mabonde yanayolimwa kiangazi yako umbali gani kutoka kwenye laini inayojengwa. Yaliyo karibu yaingizwe kwenye mkataba wa laini, watu wapate umeme wa TANESCO mpaka kisimani. Yaliyo mbali orodha yake ipelekwe Wizara ya Kilimo na kwenye bodi ya bonde husika ikiwa na namba za wakulima waliokwishasajiliwa kwa ruzuku ya mbolea, ili bajeti inayofuata iwe na fungu la pampu linalojua linaenda wapi, na yule mzee wa Ruvu aambiwe mapema kama asubiri nguzo au akakope pampu kabla kiangazi hakijaanza.